Moyo ukienda mbio ghafla: ushushe pumzi, unawe maji ya baridi, au utaje vitu unavyoviona?

Umetuma shilingi laki mbili, na jina lililorudi kwenye ujumbe si la uliyemkusudia. Au simu imeita saa nane usiku na namba ni ya nyumbani. Au bodaboda imekupita ubavuni kwa kasi hadi kioo chake kimekugusa mkono. Au bosi amekuita jina mbele ya kikao kizima, na sauti yake haina heri. Mambo ni tofauti lakini mwili hujibu vilevile: moyo unadunda, viganja vinalowa, mdomo unakauka, magoti yanalegea, na akili iliyokuwa timamu sekunde chache zilizopita haikumbuki hata namba ya siri.

Nazungumzia msongo wa ghafla tu. Deni la miezi, ndoa inayoyumba, kazi isiyolipa, hayo yana njia zake na hakuna mbinu ya dakika moja itakayoyamaliza. Lakini mshtuko wa ghafla unaweza kuushusha ndani ya dakika moja au mbili, na mara nyingi hizo dakika mbili ndizo zinazoamua kama utafanya jambo la maana au utaharibu zaidi.

Wanaokuzunguka watakwambia "tulia". Wana nia njema, lakini mwili umeshatangulia. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mwaka 1915 jinsi mnyama aliyeshtuka anavyojiandaa kupigana au kukimbia: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, damu hukimbilia kwenye misuli, mmeng'enyo wa chakula husimama. Adrenalini haisikii amri. Inabidi uuguse mwili pale panapogusika: kwenye pumzi, kwenye ngozi ya uso, kwenye misuli, kwenye macho na masikio, na mwisho kwenye maneno unayojiambia. Kwa maoni yangu mpangilio huo una maana. Mwili uanze, maneno yafuate. Na kama una nafasi ya kujifunza njia moja tu, jifunze kushusha pumzi.

| Njia | Muda | Watu wataona? | Inafaa zaidi | Jihadhari |
|---|---|---|---|---|
| Pumzi mbili ndani, moja ndefu nje | Nusu dakika hadi moja | Hapana | Mshtuko wowote, mahali popote | Kuvuta kwa pupa |
| Maji ya baridi usoni | Sekunde 15 hadi 30 | Ndiyo | Hofu iliyopanda sana | Ugonjwa wa moyo |
| Kukaza na kulegeza misuli | Dakika moja au mbili | Kidogo | Kutetemeka, hasira | Anayezimia akiona damu |
| Kutaja vitu vilivyo mbele yako | Dakika mbili au tatu | Ukitaja kimoyomoyo, hapana | Akili iliyohama, kumbukumbu mbaya | Jambo linalotaka utende sasa hivi |
| Kuitaja hisia yenyewe | Sekunde chache | Hapana | Usaili, hotuba, ugomvi | Isitangulie mwili |

Pumzi

Ushauri unaotolewa kila mahali ni "vuta pumzi ndefu", na nusu yake ndiyo inayokosewa. Mtu aliyeshtuka akiambiwa avute pumzi, huvuta, akavuta tena, kifua kikapanda juu na mabega yakafika masikioni, ila hatoi. Au hutoa kidogo tu na kuvuta tena kwa pupa. Akiendelea hivyo kwa dakika moja au mbili, hewa ya kaboni kwenye damu hupungua kuliko inavyotakiwa, na hapo huja kizunguzungu, ganzi kwenye vidole na midomo kuwashawasha. Sasa ana dalili mpya za kumtisha, na anaamini anakufa.

Kinachotuliza ni kutoa. Moyo hupiga haraka kidogo unapovuta pumzi na hupunguza mwendo unapoitoa, kwa hiyo ukirefusha kutoa unaupa moyo muda mrefu zaidi wa kwenda polepole. Jinsi ya kufanya: vuta kwa pua hadi mapafu yakaribie kujaa, usitoe, ongeza kipande kingine kifupi cha pumzi juu yake, kisha toa kwa mdomo polepole mpaka uhisi tumbo limeingia ndani. Rudia mara tatu hadi tano. Ile pumzi fupi ya pili hufungua vifuko vidogo vya mapafu vilivyokuwa vimeporomoka. Mtoto aliyelia sana hufanya hivi mwenyewe bila kufundishwa: anavuta mara mbili kwa kwikwi, halafu anashusha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2023 jaribio lililolinganisha namna tatu za kupumua, pamoja na kutafakari kwa utulivu. Washiriki walifanya zoezi walilopangiwa kwa dakika tano kila siku, mwezi mzima. Makundi yote yalipata nafuu ya wasiwasi, lakini waliorefusha kutoa pumzi kwa namna hii ndio walioongoza kwa uchangamfu, na kasi yao ya kupumua ndiyo iliyoshuka zaidi. Lile lilikuwa jaribio la mazoezi ya kila siku, halikupima mtu aliyekoswa na bodaboda. Hata hivyo, mtu mwenye mazoea ya kila siku ndiye mwili wake unaokumbuka la kufanya siku ya kishindo.

Kuna namna mbili nyingine zinazosifiwa sana. Ya kwanza ni ya pande nne: vuta kwa hesabu ya nne, zuia nne, toa nne, zuia nne. Wanajeshi wa Marekani huitumia, na naiona inamfaa anayetakiwa kubaki macho huku ametulia, kama dereva aliyeegesha pembeni baada ya kukoswa koswa na lori na bado ana safari mbele yake. Ya pili ni ya nne, saba, nane, iliyotangazwa na daktari Andrew Weil: vuta kwa nne, zuia kwa saba, toa kwa nane. Hii ni ya kitandani. Kumwambia mtu ambaye moyo unamdunda azuie pumzi kwa hesabu ya saba ni kumtesa, maana mwili wake unalilia hewa. Iache kwa ajili ya usiku, ukiwa umelala na usingizi hauji.

Na wapo wenye njia ya pumzi tayari ulimini bila kuihesabu kama mbinu. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake wa Italia. Waliwapima watu wakisali rozari kwa Kilatini na wengine wakirudia mantra za yoga (maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa), wakaona kwamba vyote viwili hushusha kupumua hadi mara sita hivi kwa dakika. Mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Sababu ni kwamba sentensi ndefu inayosemwa kwa utulivu huwa inasemwa wakati pumzi inatoka. Mama anayesema "La haula wala quwwata illa billah" akisikia habari mbaya, na anayeshika tasbihi au rozari, imani ndiyo inayomsukuma, na mapafu nayo yanapata faida. Kwa mtu wa aina hiyo sioni haja ya kumfundisha kuhesabu. Aseme dua yake polepole, kwa sauti ya chini, pumzi moja sentensi moja.

Maji ya baridi

Pumzi ikishindikana, maji. Mtu aliyepandwa na hofu kiasi kwamba hawezi hata kufuata maelekezo ya "vuta, toa" anahitaji kitu kisichomtaka afikiri.

Uso ukiguswa na baridi, hasa paji, kuzunguka macho na mashavu, huku pumzi imezuiwa, mwili hudhani umezamishwa majini na moyo hupunguza mapigo kwa lengo la kuhifadhi oksijeni. Wanyama wote wanaonyonyesha wanayo hali hii, na sili huishi kwayo. Mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Marekani aliiingiza katika tiba yake kwa watu ambao hisia huwapanda kupita kiasi. Maelekezo ni kuinamisha uso kwenye beseni la maji ya baridi na kuzuia pumzi kwa sekunde 15 hadi 30, au kuweka kitambaa chenye barafu juu ya macho na mashavu huku umeinama na kuzuia pumzi.

Kwetu pwani kuna kikwazo. Maji yatokayo kwenye tangi la juu ya paa saa saba mchana ni ya uvuguvugu, hata barafu huwezi kuiota. Kwa hiyo ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, usitegemee bomba. Nunua chupa ya maji iliyotoka kwenye friji ya duka, uipitishe kwenye paji na mashavu, kisha umwage kidogo kiganjani ujinawe uso. Maji ya mtungi wa udongo nayo yana ubaridi wa kutosha kwa kuanzia. Ukiwa Njombe au Limuru, bomba lenyewe linatosha asubuhi.

Anayetawadha anajua jinsi maji yanavyobadilisha hali. Sina haja ya kuifanya ibada kuwa sayansi, ila kwa Mwislamu aliyehamaki kazini, kwenda kutawadha kuna faida mbili: maji usoni, na sababu ya heshima ya kuondoka chumbani.

Ubaya wake uko wazi. Huwezi kufanya hivyo katikati ya kikao, ukiwa na wanja na mtandio uliobanwa vizuri, au ndani ya basi. Na mwenye ugonjwa wa moyo, au anayemeza dawa za kupunguza mapigo ya moyo, asiijaribu bila kumuuliza daktari wake. Kwake huyo pumzi ni salama zaidi.

Misuli, na suala la hasira

Daktari Edmund Jacobson wa Marekani alianza miaka ya 1920 kufundisha wagonjwa kukaza kundi moja la misuli na kuliachia, kisha jingine, hadi mwili mzima ulegee. Zoezi lake kamili ni refu. Kwa dharura chukua sehemu mbili tu: kunja ngumi na ukaze mikono hadi mabegani kwa sekunde tano, achia ghafla, kisha bonyeza nyayo sakafuni na ukaze mapaja, achia. Chini ya meza ya kikao hakuna atakayejua. Inamfaa sana mwenye mikono inayotetemeka, kwa sababu misuli iliyokazwa kwa makusudi na kuachiwa hulegea kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Wapo wasiotakiwa kulegea. Kuna mtu akiona sindano au damu moyo hupanda kidogo, kisha presha huporomoka na anaanguka. Huyu ukimwambia ajilegeze unamsaidia kuzimia. Mwanasaikolojia Lars-Göran Öst wa Sweden, miaka ya 1980, alifundisha kinyume chake: kaza mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uhisi joto usoni, rudi katika hali ya kawaida bila kulegea kabisa, rudia. Kama wewe ndiye yule anayepelekwa kupimwa malaria na kuamka akiwa kwenye benchi, njia yako ni hii.

Sasa hasira. Wengi tumelelewa tukiamini kwamba hasira lazima itolewe: piga mto, piga ukuta, kimbia. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman aliwaacha watu walioudhiwa wapige gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi, na wakatoka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya. Mwaka 2024 yeye na mwenzake walichapisha mapitio ya tafiti 154. Shughuli zinazoutuliza mwili, kama kupumua polepole na kulegeza misuli, zilipunguza hasira. Zinazoupandisha mwili, kama kukimbia, kwa ujumla hazikuipunguza. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume alielekeza kwamba mwenye hasira akiwa amesimama aketi, na isipomtoka alale. Ni ushauri wa karne nyingi unaoelekea upande huohuo, kuushusha mwili.

Kwa hofu mambo ni tofauti kidogo. Mtu aliyeshtuka na adrenalini imejaa miguuni anaweza kunufaika kwa kutembea, hata kupanda na kushuka ngazi, maana mwili umeandaliwa kukimbia na sasa unapata pa kupeleka nguvu hizo. Hofu, tembea. Hasira, keti.

Kutaja vitu

Taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kugusa, sauti tatu, harufu mbili, na ladha moja. Ukiwa ndani ya daladala inaweza kwenda hivi: kofia ya konda, ufa wa kioo, mbuyu nje, noti zilizokunjwa kati ya vidole, viatu vya mwanafunzi, chuma cha kiti, mkanda wa mkoba, jinzi, jasho shingoni, honi, redio, "shusha!", dizeli na machungwa, ladha ya chai ya asubuhi. Kufika hapo akili imerudi ndani ya gari.

Njia hii haishushi mapigo ya moyo haraka kama mbili za kwanza. Nguvu yake iko kwa mtu ambaye mwili upo hapa na akili imehamia kwingine: aliyewahi kupata ajali na leo kasikia breki kali, au aliyevamiwa na majambazi na sasa mlango unagongwa. Huyo kumwambia afumbe macho na apumue kunaweza kumrudisha kulekule anakokimbia. Macho wazi, ataje vitu.

Kwenye chumba cha mtihani siipendekezi. Ni ndefu, na inatumia akili ileile unayoihitaji kwa swali la kwanza. Mtahiniwa ashushe pumzi mara tatu, aanze na swali analoliweza, arudi kwa lile gumu baadaye.

Maneno

Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa UCLA, chuo kikuu cha Marekani, walionyesha kwamba mtu anapoipa jina hisia anayoiona kwenye picha ya uso, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari hupungua kasi. Kwa hiyo kujiambia "naogopa, na nina aibu" kuna kazi kuliko kujiambia "siogopi". Mwaka 2014 mwanasaikolojia Ethan Kross naye aliona kwamba watu wanaojisemesha kwa jina lao wenyewe, kama mtu anavyomsemesha rafiki, hukabili hotuba na kukutana na mtu mgeni vizuri zaidi kuliko wanaosema "mimi". Jaribu: "Rehema, hiki kikao kitaisha saa tano. Jibu swali alilouliza, basi."

Kwa usaili na kupanda jukwaani nina ushauri mwingine: usitafute utulivu kabisa. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ambapo watu waliojiambia wana hamasa walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie, katika kuimba, kuhutubia na hisabati. Moyo kudunda ni uleule katika woga na katika hamu. Uache udunde, uuite hamu, upande.

Vya kuachana navyo

Sigara huongeza mapigo ya moyo. Kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi ni vichangamshi, na vinaongeza kile unachokikimbia. Pombe inakupumbaza leo na kukuongezea wasiwasi kesho asubuhi. Kupumulia mfuko wa karatasi kuna hatari, kwa sababu anayehema anaweza kuwa na pumu au tatizo la moyo, na mfuko utamnyima oksijeni. Maji ya sukari ambayo majirani hukimbilia kumpa aliyeshtuka hayana kazi kubwa kwenye hofu. Isipokuwa mtu huyo ana kisukari, anatumia dawa, na anatetemeka huku anatoka jasho jembamba: hapo huenda sukari imeshuka, na kama anaweza kumeza, maji hayo ndiyo dawa.

Maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkono wa kushoto au taya, mluzi kifuani wa pumu, kupooza upande mmoja wa uso au mkono, kuzimia: hayo usiyatulize kwa mbinu yoyote kati ya hizi. Nenda hospitali. Hofu kali ya ghafla kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi na kuanza kushuka. Ikikurudia mara kwa mara bila sababu, mwone daktari, maana ina matibabu.

Anayehitaji kutulizwa akiwa mwenzako

Rudi kwenye zile laki mbili za mwanzo, ila sasa aliyezituma ni mama mmoja na wewe uko naye kwenye kibanda cha wakala. Mama aliyekosea namba anataka kupiga huduma kwa wateja pesa zizuiwe kabla aliyezipokea hajazitoa, na vidole vinatetemeka. Akikosea namba ya siri mara kadhaa akaunti itafungwa, kisha atakuwa na matatizo mawili. Muda wa kuhesabu harufu na ladha hana. Maji ya baridi yako duka la tatu. Kinachobaki ni pumzi, na hawezi kuianza peke yake.

Mwambie, "Mama, kaa hapa kwanza, simu nikushikie mimi." Usimwambie avute pumzi. Shusha yako, ndefu, kwa sauti anayoisikia, mara mbili tatu, ukiwa umekaa upande wake na si mbele yake. Mtu huanza kufuata bila kuombwa. Akishashusha yake, mwulize swali dogo lenye jibu fupi: "Umetuma saa ngapi?" Akilijibu, mrudishie simu aweke namba ya siri mwenyewe, nawe geuza uso pembeni.